Maktaba Inayotafutwa Mahali Pabaya: Jinsi Mtumiaji wa Kawaida Anavyojitwalia Mamlaka ya root

Tarehe 30 Juni 2025, mtafiti Rich Mirch wa kampuni ya Stratascale alitangaza udhaifu wa kiusalama katika programu ya sudo, udhaifu uliopewa namba CVE-2025-32463 na kupimwa uzito wa 9.3 kati ya 10. Sudo ndiyo programu inayomwezesha mtumiaji wa kawaida wa Linux kutekeleza amri fulani kwa mamlaka ya root, yaani akaunti kuu ambayo mfumo hauinyimi kitu, na ruhusa hizo huorodheshwa na msimamizi katika faili iitwayo sudoers. Kilichowashtua wengi ni kwamba mshambuliaji hakuhitaji hata jina lake liwemo katika orodha hiyo. Akaunti yoyote ya kawaida ilitosha. Hakuna nywila iliyovunjwa, wala hakuna eneo la kumbukumbu lililojazwa kupita kiasi. Mshambuliaji aliweka maktaba yake, yaani faili ya msimbo inayoazimwa na programu nyingine, mahali ambapo sudo ingeongozwa kwenda kuitafuta, na sudo, ikiwa imeshika mamlaka yote ya mfumo, ikaipakia na kuitekeleza.

Udhaifu wa namna hii umekuwa ukijirudia kwa miaka 30, kila mara katika programu tofauti, na kila mara huelezwa kama ajali ya programu hiyo peke yake. Mimi nadhani kuueleza hivyo kunaficha chanzo chake. Chanzo ni desturi ambayo karibu programu zote huifuata, nayo ni kuziita maktaba kwa majina na kumwachia mwingine kazi ya kujua zilipo. Anayetaka kuelewa kilichoipata sudo hana budi kuanzia kwenye desturi hiyo.

Jina na mahali

Programu nyingi za leo hazibebi kila zinachokihitaji. Kazi za kawaida kama kufungua faili, kuchapa maandishi, kusimba data au kutafuta anwani mtandaoni zimekwisha kuandikwa katika maktaba zinazotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, na ndani ya programu huachwa majina yake tu, kwa mfano libc.so.6. Programu inapoanza, kabla ya mstari wake wa kwanza kutekelezwa, huamshwa kwanza programu nyingine ndogo, ambayo hapa nitaiita kiunganishi na ambayo kwenye Linux hujulikana kwa jina la ld.so. Kazi yake ni kusoma majina hayo, kuzitafuta faili zenyewe diskini, na kuzipakia kwenye kumbukumbu pamoja na programu iliyoziomba.

Utafutaji huo una mpangilio. Kiunganishi hutazama kwanza njia ambazo huenda zimeandikwa ndani ya programu yenyewe wakati ilipoundwa, zinazoitwa RPATH. Kisha saraka zilizotajwa katika LD_LIBRARY_PATH, ambacho ni kigeu cha mazingira, yaani thamani yenye jina ambayo programu hupokea kutoka kwa anayeianzisha. Kisha njia za RUNPATH, ambazo ni za kizazi kipya zaidi na zikiwepo RPATH hupuuzwa. Kisha orodha iliyoandaliwa katika faili ya /etc/ld.so.cache, na mwisho saraka za mfumo, /lib na /usr/lib. Faili ya kwanza yenye jina linalofanana na yenye umbo linalofaa ndiyo inayochukuliwa. Ukimtuma mtoto dukani kwa Juma, na mtaa ukawa na maduka mawili ya Juma, ataingia lile atakalolifikia kwanza, wala hutamlaumu, maana hukumwambia zaidi ya hapo.

Kuna kanuni moja ndogo ambayo tutairudia huko mbele: jina la maktaba likiwa na mkwaju (/) ndani yake, kiunganishi hakitafuti popote. Hulichukua jina hilo kuwa ni njia ya faili, na kama halianzi na mkwaju, huhesabu njia hiyo kuanzia saraka ambayo mchakato umesimama wakati huo.

Jambo jingine la kushika ni kwamba maktaba ikishapakiwa hakuna ukuta unaoitenga na programu iliyoiita. Inaishi katika kumbukumbu ile ile na ina haki zile zile, na inaweza kubeba kipande cha msimbo kinachotekelezwa papo hapo inapopakiwa, kabla programu haijapata nafasi ya kuhakiki chochote. Kwa hiyo kumchagulia mtu maktaba ni sawa na kumwamulia atafanya nini.

Mamlaka ya mwenye mali, mazingira ya mgeni

Kwa programu ya kawaida, uhuru wa kuchagua mahali pa kutafuta maktaba hauna madhara ya kiusalama. Mwanafunzi anayejaribu toleo jipya la maktaba yake huelekeza LD_LIBRARY_PATH kwenye saraka yake ya nyumbani, na msimbo wake unatekelezwa kwa haki zake mwenyewe, haki ambazo tayari alikuwa nazo. Hatari huzaliwa pale programu inapokuwa na mamlaka makubwa kuliko ya mtu aliyeianzisha.

Programu za namna hiyo zipo kwa sababu ya msingi. Mtumiaji anayebadilisha nywila yake lazima afikie faili ya /etc/shadow, ambayo hana ruhusa ya kuigusa. Dennis Ritchie alilitatua tatizo hilo katika miaka ya mwanzo ya Unix kwa kubuni biti ya setuid, ambayo ombi lake la hataza lilipelekwa mwaka 1973 na kukubaliwa nchini Marekani mwaka 1979. Faili yenye biti hiyo hutekelezwa kwa mamlaka ya mwenye faili badala ya yule aliyeianzisha. Passwd, su, mount na sudo zote zinaitegemea.

Wazo hilo ni zuri na limedumu, lakini linazaa kiumbe cha ajabu. Programu ya setuid ina mamlaka ya root, ila karibu kila kinachoizunguka kimechaguliwa na mtu wa kawaida: saraka inamosimama, vigeu vya mazingira, hoja za mstari wa amri (maneno yanayofuata jina la amri), faili zilizofunguliwa tayari, hata kinyago kinachoamua ruhusa za faili mpya. Kila kimoja kati ya hivyo ni mdomo unaoweza kunong'ona katika sikio la programu yenye nguvu. Iwapo mnong'ono mmojawapo utaamua maktaba itoke wapi, mamlaka yamekwisha kuhama.

Waliotengeneza kiunganishi waliliona jambo hili mapema. Kwenye Linux, keneli, yaani kiini cha mfumo, inapoanzisha programu ambayo mamlaka yake hayalingani na ya aliyeiita, hukipa kiunganishi ishara iitwayo AT_SECURE, nacho kikiiona hubadili mwenendo: hupuuza LD_LIBRARY_PATH, hukataa maktaba zenye mkwaju katika majina yake zikitajwa katika LD_PRELOAD, kigeu cha kuomba maktaba zipakiwe kabla ya nyingine, na hufuta vigeu kadhaa vingine vinavyojulikana kuwa hatari. Kinga hiyo ni ya lazima na inafanya kazi. Hata hivyo, imejengwa juu ya dhana mbili: kwamba keneli itajua kila mara ni wakati gani wa kutoa ishara, na kwamba mnong'ono utapita katika vigeu vya mazingira. Historia ya udhaifu huu ni historia ya dhana hizo mbili kuvunjika kwa zamu.

Dhana ya kwanza ilivunjika hadharani Novemba 1995, kituo cha CERT cha Marekani, kinachoshughulikia usalama wa kompyuta, kilipotoa tahadhari CA-95:14 kuhusu telnet, huduma ya kuingia kwenye mashine nyingine kupitia mtandao. Itifaki ya telnet ilikuwa imeongezewa uwezo wa mteja kumpelekea mwenyeji vigeu vya mazingira, na baadhi ya seva zilivipokea vyote bila kuchuja, kisha zikaianzisha programu ya login zikiwa zenyewe tayari ni root. Hapo hapakuwa na tofauti yoyote kati ya mwitaji na mwitwa. Root alimwita root, kwa hiyo kiunganishi hakikuona sababu ya kujihadhari na kikatii LD_LIBRARY_PATH iliyotoka kwa mtu asiyejulikana upande wa pili wa mtandao. Mshambuliaji aliyeweza kwanza kuweka faili mahali fulani kwenye mashine hiyo alikuwa na root kabla hajaulizwa nywila.

Kisa cha Oktoba 2010

Katika visa vyote ninavyovijua, kinachonifundisha zaidi ni kile alichokitangaza mtafiti wa usalama Tavis Ormandy mwezi Oktoba 2010, chenye namba CVE-2010-3847. Kiunganishi cha glibc, maktaba ya msingi ya mifumo mingi ya Linux, kinaelewa neno maalumu, $ORIGIN, ambalo maana yake ni «saraka ilimo programu hii». Neno hilo lina manufaa, kwani mtengenezaji anayetoa programu yake pamoja na maktaba zake katika folda moja hawezi kujua mtumiaji ataiweka wapi, hivyo huandika tu kwamba maktaba ziko jirani na programu. Kwa programu ya setuid neno hilo ni hatari, na glibc ilikuwa na kizuizi, lakini kizuizi chenyewe kiliacha upenyo pale $ORIGIN ilipoandikwa peke yake katika kigeu cha LD_AUDIT, kigeu kinachotaja maktaba za kukagua mwenendo wa kiunganishi.

Mtu anaweza kuuliza: kuna ubaya gani, ikiwa saraka ilimo programu ya setuid ni /bin, na mtumiaji wa kawaida hawezi kuandika humo? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo linaloonyesha jinsi neno «mahali» lisivyokuwa imara kama tunavyodhani. Katika mifumo ya Unix faili moja inaweza kuwa na majina zaidi ya moja katika saraka tofauti, na enzi hizo mtumiaji yeyote aliweza kuipa faili ya root jina la pili ndani ya saraka yake mwenyewe, mradi ziko kwenye kizigeu kimoja cha diski. Faili ilibaki mali ya root, na biti ya setuid ilibaki ilivyo, ila sasa ilikuwa na anwani ya pili nyumbani kwa mshambuliaji. Kisha mshambuliaji aliifungua faili hiyo na kuishikilia ikiwa wazi, akaifuta saraka yote, na mahali pa saraka iliyofutwa akaweka maktaba yake yenye jina lile lile la saraka. Programu ilipoanzishwa kupitia kile kishikio kilichobaki wazi, kiunganishi kiliuliza «nimetoka wapi?», kikajibiwa kwa jina la saraka ambayo haipo tena, na jina hilo sasa lilikuwa la faili ya maktaba ya adui. Hakuna hatua hata moja iliyokiuka ruhusa za mfumo.

Siku chache baadaye Ormandy aliongeza kisa cha pili, CVE-2010-3856, ambacho hakikuhitaji hata saraka ya mshambuliaji. LD_AUDIT iliruhusiwa kupakia maktaba kutoka saraka zinazoaminika za mfumo, na humo mlikuwa na libpcprofile.so, maktaba halali ya kupima kasi ya programu, ambayo ikipakiwa huandika faili mahali popote inapoelekezwa na kigeu kingine. Ikipakiwa ndani ya ping, iliyokuwa ya setuid, iliandika faili hiyo kwa mamlaka ya root, hata katika /etc/cron.d, saraka ya kazi ambazo mfumo huziendesha kwa ratiba, na kwa ruhusa alizozipanga mshambuliaji. Maktaba haikuwa mbaya na mahali hapakuwa pabaya, ila aliyeiandika hakuwahi kufikiri kwamba siku moja ingeitwa ndani ya mchakato wa root na mtu asiye root.

Tangu keneli 3.6 ya mwaka 2012, Linux ina mpangilio wa fs.protected_hardlinks unaomzuia mtu kuipa jina la pili faili asiyoimiliki wala kuwa na haki ya kuiandika, na mifumo mikubwa huuwasha. Umefunga njia moja tu kati ya nyingi.

Mwaka 2022: kigeu kilichofukuzwa kikarudi

Januari 2022 watafiti wa kampuni ya usalama ya Qualys walitangaza CVE-2021-4034, wakaupa jina PwnKit. Programu iliyohusika ni pkexec, ndugu wa sudo anayekuja pamoja na Polkit, mfumo mwingine wa kutoa ruhusa kwenye Linux, na kosa lilikuwemo ndani yake tangu toleo la kwanza la mwaka 2009. Mara nyingi kisa hiki huelezwa kama kosa la kumbukumbu, na ni kweli kwamba kilianzia hapo: pkexec ilidhani kwamba lazima itapewa angalau hoja moja, na ilipoanzishwa bila hoja yoyote ikasoma na kuandika nje ya mipaka, katika eneo linalofuata, ambalo ndilo linalohifadhi vigeu vya mazingira. Lakini tazama mshambuliaji alilitumia kosa hilo kufanya nini. Alilitumia kukirudisha kigeu kiitwacho GCONV_PATH, ambacho kiunganishi kilikuwa kimekwisha kukifuta kwa sababu ya AT_SECURE. Kigeu hicho huiambia glibc mahali pa kutafuta maktaba za kubadili usimbaji wa herufi. Pkexec ilipotaka kuchapa ujumbe wa kosa kwa usimbaji usio UTF-8, ikaenda kutafuta maktaba hiyo, ikaikuta katika saraka ya mshambuliaji, na ikaitekeleza kama root.

Kwa hiyo kosa la kuhesabu hoja lilikuwa ufunguo tu, na mlango ulikuwa ule ule wa siku zote. Looney Tunables, CVE-2023-4911, ambayo Qualys waliitangaza Oktoba 2023, ilifuata mtindo huo huo: kosa la kumbukumbu ndani ya kiunganishi chenyewe, lililoingia na glibc 2.34 ya mwaka 2021, lilitumiwa kubadilisha kielekezi cha njia ya utafutaji ili libc.so.6 ipakiwe kutoka saraka ya mshambuliaji. Washambuliaji hodari hawahangaiki kuandika msimbo wao moja kwa moja kwenye kumbukumbu iliyolindwa wakati kiunganishi kinaweza kuwaletea msimbo huo kwa heshima zote.

Kilichotokea ndani ya sudo

Sasa tunaweza kurudi kwenye kisa cha 2025. Tangu toleo 1.9.3, sudo ina chaguo la -R, linaloomba amri itekelezwe ndani ya mzizi mwingine wa faili. Mzizi huo hubadilishwa kwa wito wa chroot, ambao huufanya mchakato uone saraka fulani kana kwamba ndiyo mwanzo wa diski nzima: ukisema /etc, unapata /etc iliyo ndani ya saraka hiyo. Katika toleo 1.9.14 la mwaka 2023 kulifanyika badiliko lililoonekana la busara. Ili sudo ijue kama amri iliyoombwa inalingana na iliyoandikwa katika sudoers, iliingia kwanza katika mzizi mpya na kuitafuta amri humo, huku ukaguzi wa sudoers ukiwa bado unaendelea. Kwa maneno mengine, iliingia katika nyumba iliyotajwa na mwombaji kabla ya kuamua kama mwombaji ana haki ya kuomba.

Hilo peke yake lingeweza kuonekana halina madhara, kwa sababu sudo ilikuwa inatazama tu. Lakini katika ukaguzi huo sudo huhitaji kujua habari za watumiaji na vikundi, na kwenye Linux swali kama «huyu ni nani?» halijibiwi kwa kusoma faili moja. Glibc husoma /etc/nsswitch.conf, ambayo hutaja vyanzo vya habari hizo, na kwa kila chanzo hutunga jina la maktaba: kikitajwa chanzo cha ldap, itatafutwa libnss_ldap.so.2. Mshambuliaji alitengeneza saraka yake, ndani yake akaweka etc/nsswitch.conf yake, na akaiambia sudo iufanye huo kuwa mzizi. Faili ya mipangilio ambayo siku zote ni mali ya root pekee ikawa mali ya mgeni.

Katika mfano uliotolewa na Mirch, jina la chanzo lilianza na mkwaju. Hapa ndipo ile kanuni ndogo inaporudi. Glibc ilitunga jina kama kawaida, ikitanguliza libnss_ na kumalizia .so.2, na jina lililopatikana likawa na mkwaju katikati. Kiunganishi hakikutafuta tena katika saraka za mfumo. Kililichukua kuwa njia inayoanzia pale mshambuliaji aliposimama, ambapo palikuwa na saraka iitwayo libnss_ yenye maktaba yake ndani. AT_SECURE ilikuwa imewashwa muda wote huo, na vigeu vyote vya hatari vilikuwa vimefutwa, lakini mnong'ono haukupita katika vigeu. Ulipita katika faili ya mipangilio. Hii ndiyo dhana ya pili, na imevunjika kabisa.

Kinachofaa kutajwa kwa msomaji mwenye seva ni kwamba mifumo iliyobaki na sudo za zamani zaidi haikuguswa. Debian 12 ilikuwa na 1.9.13p3 na Ubuntu 22.04 ilikuwa na 1.9.9, zote za kabla ya badiliko lile, ilhali Ubuntu 24.04 yenye 1.9.15p5 iliguswa. Rekebisho lilitoka siku ile ile katika toleo 1.9.17p1: badiliko la 1.9.14 liliondolewa, na chaguo lenyewe la chroot likatangazwa kuwa njiani kufutwa. Watoaji wa mifumo wengi huliingiza rekebisho kama hilo bila kupandisha namba ya toleo, hivyo namba inayoonyeshwa na sudo yenyewe haitoshi kukuambia kama uko salama. Jibu limo katika kumbukumbu ya mabadiliko ya kifurushi. Septemba 2025 CISA, shirika la serikali ya Marekani la usalama wa mtandao, liliuingiza udhaifu huu katika orodha ya ule uliothibitika kutumiwa na washambuliaji.

Nimewasikia wasimamizi wakisema kwamba udhaifu wa ndani hauwahusu kwa kuwa hakuna mgeni mwenye akaunti kwenye seva yao. Nawasihi waliangalie upya. Tovuti yenye programu-jalizi iliyochakaa humpa mshambuliaji akaunti ya huduma ya wavuti, na akaunti hiyo ni ya kawaida kama ile ya mwanafunzi katika maabara ya chuo. Kutoka hapo hadi root, kazi iliyobaki ni udhaifu mmoja wa ndani.

Kwenye Windows

Windows haina setuid, lakini tatizo liko pale pale, kwa sababu zipo huduma zinazoendeshwa na akaunti ya SYSTEM, yenye mamlaka makuu, na visakinishi vinavyoendeshwa na msimamizi. Mpangilio wa kawaida wa kutafuta faili za DLL, yaani maktaba za Windows, huanza na folda ilimo programu. Kisakinishi kilichopakuliwa kikafunguliwa ndani ya Downloads kinaweza kupakia DLL yoyote yenye jina linalofaa iliyomo humo, hata kama ilishushwa na tovuti nyingine wiki moja kabla. Ni afadhali kukihamishia kwanza katika folda tupu. Mwaka 2010 Microsoft ilitoa ushauri namba 2269637 kuhusu upakiaji usio salama wa maktaba, baada ya kudhihirika kwamba programu nyingi zilikuwa zikitafuta hata katika folda ya hati iliyofunguliwa.

Kisa cha OpenSSL cha mwaka 2019, CVE-2019-1552, kinaeleza jambo hili kwa uwazi wa pekee. OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, iliyoundwa kwa zana za mingw za kutengeneza programu za Windows, ilirithi kutoka Unix njia ya /usr/local kuwa mahali pa mipangilio na moduli zake. Kwenye Unix njia hiyo hulindwa na root. Kwenye Windows ikageuka C:/usr/local, folda ambayo kwa kawaida haipo, na mtumiaji wa kawaida ana haki ya kuunda folda mpya kwenye mzizi wa diski C. Mahali pasipokuwepo ni pa yule atakayewahi kupaunda.

Ya kukagua

Anayeandika programu yenye mamlaka aandike njia kamili ya kila maktaba anayoipakia mwenyewe, na asiruhusu jina lolote linalotoka kwa mtumiaji, au kwenye faili ambayo mtumiaji anaweza kuichagua, liingie katika jina la maktaba. Kwenye Windows ipo kazi ya SetDefaultDllDirectories na bendera ya LOAD_LIBRARY_SEARCH_SYSTEM32 kwa ajili hiyo. Maamuzi yote ya nani anaruhusiwa yakamilike kabla ya kugusa saraka, mzizi au mipangilio aliyoitaja mwombaji.

Mwandishi wa skripti atahadhari na utupu. Mstari unaosema LD_LIBRARY_PATH=/opt/zana/lib:$LD_LIBRARY_PATH unaonekana safi, lakini kama kigeu hakikuwa na kitu, baada ya nukta pacha hubaki nafasi tupu, na kiunganishi husoma nafasi tupu kuwa ni saraka uliyosimama. Skripti hiyo ikiendeshwa na root ndani ya /tmp, maktaba itatafutwa pia ndani ya /tmp. Mwaka 2017 kosa la aina hiyo lilipatikana ndani ya glibc yenyewe, CVE-2017-16997, ambapo $ORIGIN katika programu yenye mamlaka iliweza kugeuka kuwa tupu, na utupu ukasomwa «hapa».

Kwa msimamizi, amri ya find pamoja na -perm -4000 humwonyesha programu zote za setuid, na readelf -d humwonyesha njia zilizoandikwa ndani ya kila moja. Asitumie ldd kwa faili asiyoiamini, maana inaweza kuitekeleza faili hiyo. Akikuta RPATH inayoelekea /tmp, /home au saraka ya mtu aliyeunda kifurushi, amepata mwanya hata kama kila kitu kinafanya kazi. Programu za setuid asizozihitaji aziondolee biti hiyo, na vizigeu vya /home na /tmp avipandishe kwa nosuid, chaguo linaloufanya mfumo uipuuze biti hiyo humo.

Niliwahi kukagua seva ya ofisi moja ambako kila kitu kilikuwa kimesasishwa, sudo ikiwemo. Katika /etc/ld.so.conf.d kulikuwa na faili moja iliyoongezwa na mkandarasi miaka kadhaa nyuma, ikiitaja saraka ya maktaba za programu yao ya uhasibu chini ya /opt, na saraka hiyo ilikuwa na ruhusa 777, yaani kila mtu aliweza kuandika humo, ili «isisumbue». Saraka ikishatajwa humo na ldconfig, amri inayoiandaa upya orodha ya kiunganishi, ikaendeshwa, maktaba zake huingia katika ld.so.cache, na kiunganishi huiamini orodha hiyo hata AT_SECURE ikiwa imewashwa. Yeyote mwenye akaunti pale angeweza kubadilisha faili moja na kusubiri root aianzishe programu inayoitumia. Tulirekebisha ruhusa kwa amri mbili, kisha tukatumia siku nzima kulinganisha kila maktaba ya saraka ile na nakala halisi ya mtengenezaji, kwa sababu hakuna aliyeweza kutuambia nani alikuwa amekwisha kuandika humo.